Bluu ya ziwa imetoka zambarau kwenye kalenda 500: kosa ni la faili langu au la mashine?

Binti_Ujiji (#1)
Wakuu habari za jioni. Naomba mnisome hadi mwisho, hela ya watu imo humu.

Nina steshenari ndogo hapa Mwanga, Kigoma. Kadi za harusi, vipeperushi na fulana nafanya mwenyewe. Mwezi wa kumi na moja shule moja ilinipa kazi ya kalenda za ukutani, kopi 500. Picha kubwa ya juu ni ziwa, niliipiga Kibirizi asubuhi, maji yametulia na mitumbwi ya dagaa inarudi. Kwenye kompyuta yangu ile bluu ilikuwa nzito, ile ambayo mtu wa hapa akiiona tu anajua hii ni Tanganyika. Nilitengeneza kila kitu kwenye Photoshop, hata tarehe niliziandika humo humo, nikatoa PDF, nikamtumia mchapaji Dar. Kwa idadi ile ofseti, ile mashine kubwa yenye pleti (bamba) moja kwa kila rangi, ndiyo inalipa.

Mzigo umefika kwa basi juzi. Nilifungua boksi nikakaa chini. Ziwa ni zambarau, kama ulimi wa mtoto aliyetoka kula zambarau. Halafu zile namba ndogo nyeusi za tarehe zina vivuli vya rangi pembeni, mtu wa makamo hazisomi bila kukunja uso.

Shule imekataa kulipa nusu iliyobaki. Mchapaji anasema amechapa alichotumiwa. Mimi nikifungua faili, bluu iko palepale. Nani kakosea? Na kazi inayofuata niiandaeje, maana huku ni mwisho wa reli, mzigo ukiharibika hauna pa kurudi. Picha nimeweka hapo chini, kushoto skrini, kulia kalenda.

Kipeto_Dizaini (#2)
Pole sana dada. Ulituma RGB, tatizo limeanzia hapo.

Skrini inatengeneza rangi kwa mwanga: nyekundu, kijani na bluu, yaani RGB. Ukiwasha zote unapata nyeupe. Mashine inatumia wino: samawati (bluu ya mbingu), majenta (waridi kali), njano na nyeusi, yaani CMYK. Wino hauwaki, wino unameza mwanga. Bluu kali ya skrini haipo kabisa kwenye wino, kwa hiyo mashine inatafuta rangi ya jirani, na jirani wa bluu ile ni zambarau. Siku nyingine badilisha faili kuwa CMYK kabla ya kutuma, utalala usingizi.

Asali_Pori (#3)
Pole kutoka Tabora. Mimi nina wasiwasi na skrini yako kabla ya kitu kingine. Wengi tunaweka mwanga wa kompyuta hadi mwisho, chumba giza, halafu tunaamini tunachokiona. Hiyo bluu "nzito" uliyoiona huenda haikuwemo hata kwenye picha. Ifungue faili kwenye kompyuta tatu tofauti, utapata bluu tatu.

Mzee_wa_Ofseti (#4)
Hamjambo wanangu. Nimekaa kwenye uchapaji tangu enzi za filamu na pleti za mkono, sasa nimestaafu, niko Tabora mtaa wa Cheyo.

Kipeto amesema kweli lakini amesema nusu. Chukua bluu tupu ya skrini, ile ya nyekundu 0, kijani 0, bluu 255. Ibadilishe kuwa CMYK kwenye Photoshop kwa mpangilio ule wa Kimarekani unaokuja na programu. Utapata samawati asilimia 88 na majenta asilimia 77. Samawati na majenta zikikaribiana hivyo, hiyo ni zambarau, upende usipende. Kwa hiyo binti angebadilisha tu bila kugusa namba angepata zambarau ileile. Faida yake ni kwamba angeiona kwenye skrini kabla haijafika kwenye boksi.

Dawa ya bluu iko kwenye majenta. Ipunguze kwa mkono mpaka iwe chini ya samawati kwa pointi 30 au zaidi. Samawati 100, majenta 65, hapo unaanza kuona ziwa.

Sasa zile tarehe. Nyeusi ya skrini, 0, 0, 0, ikibadilishwa kwa mpangilio uleule inatoka samawati 75, majenta 68, njano 67, nyeusi 90. Jumlisha: 300. Yaani namba ndogo ya tarehe inapigwa na pleti nne. Karatasi ikisogea upana wa unywele, kila rangi inatua mahali pake na unapata vivuli. Maandishi madogo yapigwe na nyeusi peke yake, asilimia 100, zile nyingine tatu sifuri. Na yasiandikwe Photoshop kamwe, kule ni rahisi yageuke picha. Andika kwenye programu ya mpangilio wa kurasa.

Binti, chukua kioo cha kukuzia, angalia namba moja, utuambie unaona nini.

Binti_Ujiji (#5)
Shikamoo mzee. Mume wangu ni fundi simu, nimeazima kioo chake. Nimeangalia 17 ya mwezi wa tatu. Ile 1 siyo mstari mmoja. Katikati ni nyeusi, kushoto kuna uzi mwembamba wa waridi kali, kulia uzi wa samawati, na njano imechungulia juu kama kofia. Ile 7 hivyo hivyo. Kumbe ndiyo maana macho yanauma.

Asante sana. Miaka minne nafanya kazi hii sikuwahi kuambiwa.

Mzee_wa_Ofseti (#6)
Marahaba mwanangu. Basi, la tarehe limekwisha. La bluu bado nataka kusikia wengine.

Rangi_na_Wino (#7)
Habari wanajamvi. Mimi nafanya kazi kwenye chumba cha kuandaa mafaili, kiwanda kimoja Dar, siyo hicho kilichochapa hizi kalenda. Nampinga Kipeto kwa heshima.

Kutuma RGB siyo kosa. Kosa ni kutuma RGB isiyo na profaili. Profaili ni kadi ya utambulisho wa rangi: inaiambia programu ya kwetu kwamba hii 0, 0, 255 ni bluu ya dunia gani. Bila kadi hiyo kila mashine inakisia. Hizi profaili zina umoja wake wa kimataifa, ICC, tangu 1993, na kazi yake ni kufanya rangi isafiri kutoka kifaa hadi kifaa bila kupotea njia.

Mteja anayebadilisha kuwa CMYK mwenyewe anabadilisha kwa karatasi asiyoijua. Sisi tunajua leo tunachapa kwenye karatasi ya kung'aa au bondi (ile ya kawaida isiyong'aa), tunajua wino utasambaa kiasi gani. Mteja aliyeko Kigoma atajuaje? Nitumie RGB yenye profaili ndani ya PDF/X-4, aina ya PDF ya kuchapia inayokubali RGB, nitaibadilisha mimi.

Dada, ulipotoa PDF uliacha alama ya kuambatisha profaili? Na picha ilikuwa sRGB au Adobe RGB, zile aina mbili za RGB?

Mwl_Kasulu (#8)
Naomba nichomeke swali langu hapa, linafanana. Shuleni tuna mashine ya kukodi ya rangi. Tunalipia kwa hesabu ya kurasa, ya rangi ina bei yake na ya nyeusi bei yake. Mitihani yetu yote ni maandishi meusi, lakini mwisho wa mwezi hesabu inaonyesha mamia ya kurasa za rangi. Tumegombana na fundi mpaka basi. Inaweza kuwa hii nyeusi ya wino nne?

Binti_Ujiji (#9)
Rangi_na_Wino, nimeangalia. Kamera imewekwa Adobe RGB, aliniwekea rafiki akisema ina rangi nyingi zaidi. Kwenye PDF alama ya profaili sikuiweka, sikujua ni ya nini. Kumbe kosa ni hilo?

Rangi_na_Wino (#10)
Hapo ndipo penyewe. Picha ya Adobe RGB imefika bila kadi, mashine ikaisoma kama sRGB. Lazima rangi zihame.

Mzee_wa_Ofseti (#11)
Zihame ndiyo, lakini kwenda wapi? Adobe RGB ikisomwa kama sRGB inapauka. Kijani kinapoa, ngozi zinakuwa kama za mtu mgonjwa. Haiwi zambarau. Mimi nimeona kazi nyingi za namna hiyo, zote zilikuja zimefifia. Kalenda ya binti haijafifia, ina majenta nyingi. Ni vitu viwili tofauti.

Kipeto_Dizaini (#12)
Nakazia hapo kwa mzee. Na si kila mchapaji ana chumba kama cha Rangi_na_Wino. Hiyo sRGB ya Adobe ina miaka mingi, bado kuna watu hawajui kuisoma.

Rangi_na_Wino (#13)
Kipeto, sRGB siyo ya Adobe. Ilitengenezwa na HP na Microsoft mwaka 1996, kwa ajili ya skrini za kawaida za wakati ule. Ya Adobe ni hiyo Adobe RGB, ya 1998. Tofauti yao kubwa iko kwenye kijani na samawati, Adobe RGB inafika mbali zaidi.

Mwl_Kasulu, ndiyo, inawezekana kabisa. Word haijui CMYK, PDF yake inatoka RGB. Mashine nyingine zikipokea nyeusi ya RGB zinaichanganya kutoka wino zote, na ukurasa unahesabiwa wa rangi. Kitu cha kwanza, kwenye mipangilio ya printa chagua nyeusi na nyeupe kabla hujabofya kuchapa. Usiiachie mashine iamue yenyewe.

Penguin_Uvinza (#14)
Mwalimu, kama mitihani iko tayari kwenye PDF, tumia Ghostscript, ni programu ya bure. Amri ni hii:

gs -o mpya.pdf -sDEVICE=pdfwrite -sColorConversionStrategy=Gray -dProcessColorModel=/DeviceGray mtihani.pdf

Inageuza faili zima kuwa kijivu na nyeusi, hakuna rangi inayobaki ndani. Hata nembo ya shule itakuwa kijivu. Jaribu na mtihani mmoja, andika namba ya kaunta kabla na baada.

Na Binti_Ujiji, swali: PDF yako ilikuwa nzito? Uliipunguza kabla ya kutuma?

Binti_Ujiji (#15)
Ilikuwa kubwa mno kwa mtandao wa huku. Nilipitisha kwenye tovuti moja ya kupunguza, ikashuka hadi MB 6.

Penguin_Uvinza (#16)
Nilijua. Zana nyingi za namna hiyo zinatumia Ghostscript ndani. Ghostscript ina ngazi zake. Ile ya skrini inashusha picha hadi nukta 72 kwa inchi na kubadilisha rangi zote kuwa RGB. Hata ungeandaa CMYK safi kama alivyosema mzee, tovuti ingekurudisha RGB na kazi yote ya kupunguza majenta ingepotea. Ngazi ya maandalizi ya uchapaji (prepress) inaacha rangi zilivyo na picha zinabaki nukta 300. Kwa hiyo mimi naona tuhuma ya tatu iko hapa.

Dogo_Katubuka (#17)
Basi tatizo limejulikana, ni hizo nukta 72. Weka 300 na rangi itakaa sawa.

Penguin_Uvinza (#18)
Hapana dogo. Nukta ni ukali wa picha, rangi ni kitu kingine. Picha ya nukta 300 inaweza kuwa zambarau kali iliyo safi kabisa. Nilichosema ni kwamba ngazi ile inafanya mambo mawili kwa pamoja.

Mama_Mawese (#19)
Jamani mimi nawasoma toka asubuhi na naona mnamwambia dada abadilishe kuwa CMYK, CMYK. Mimi iliniponza.

Nafunga mawese na dagaa, niko Gungu. Lebo nachapa mwenyewe kwa printa ya matanki ya wino, ile ya kujazia chupa. Rangi ya lebo ni ile ya mawese yenyewe, chungwa inayoelekea nyekundu, na ilikuwa inatoka vizuri. Kijana mmoja akanishauri nibadilishe faili kuwa CMYK "ili iwe ya kitaalamu". Lebo ikatoka kama udongo wa barabarani. Wateja wakaniuliza mama, mawese yamechacha? Nikarudisha faili la zamani la RGB, rangi ikarudi. Sasa nani anasema kweli?

Kipeto_Dizaini (#20)
Mama umenifundisha kitu, na nakubali bandiko langu la #2 lilikuwa limefupishwa sana.

Printa za nyumbani, pamoja na kuwa zina wino, programu yake inategemea kupokea RGB na inabadilisha yenyewe. Ukimpa CMYK anairudisha RGB kwanza, halafu anaigeuza tena kuwa wino. Rangi inavuka mto mara mbili, na kila kivuko kinapunguza. Chungwa kali ni mojawapo ya zinazoumia sana. Mashine nyingi za mabango nazo zinapenda RGB, kwa sababu programu yake ya kuongoza inafahamu wino wake vizuri kuliko sisi.

CMYK ya mkono tuiachie ofseti.

Rangi_na_Wino (#21)
Na hata ofseti, ndicho ninachosema tangu mwanzo.

Mzee_wa_Ofseti (#22)
Mwanangu, wewe unaongea ukiwa umekaa mbele ya mashine. Binti yuko Kigoma. Akituma RGB anaweka bluu yake mikononi mwa mtu asiyemjua, usiku, kazi zimepangana. PDF/X-1a ipo tangu 2001 kwa sababu hiyo hiyo: CMYK tupu na rangi maalumu, hakuna RGB, hakuna la kukisia. Aliyeko mbali anahitaji faili lisilohitaji akili ya mtu mwingine.

Rangi_na_Wino (#23)
Mzee nakuheshimu, lakini X-1a iliyobadilishwa kwa mpangilio wa Kimarekani ikachapwa kwenye bondi inalowa. Umetaja mwenyewe jumla ya 300 ya nyeusi. Kwenye gazeti kikomo cha jumla ya wino ni kama 240. Faili linaweza kuwa halina la kukisia na bado likawa baya.

Asali_Pori (#24)
Hawa wawili wakipanda treni moja, mmoja Tabora mwingine Dar, behewa litafika bado wanabishana 🙂 Lakini mnatufundisha, endeleeni.

Reli_1914 (#25)
Treni umeitaja mwenyewe. Reli ilifika Kigoma 1914, na mpaka leo mtu wa huku anafikiria mara mbili kabla hajaagiza kitu. Ndiyo maana naungana na mzee kwenye #22.

Pia dada, ile picha uliyoweka kwenye #1 imenikumbusha kula mgebuka. Kibirizi asubuhi hakuna mfano. Hiyo picha isipotee.

Binti_Ujiji (#26)
Asante ndugu, karibu.

Nimeona kitu kingine leo nikiziangalia tena kalenda. Chini kuna picha ndogo za wanafunzi. Kwenye skrini ngozi zao ziko sawa. Kwenye kalenda wote wamekuwa wekundu, mpaka mashati meupe yana uwaridi kidogo. Hilo nalo linatokana na bluu?

Mzee_wa_Ofseti (#27)
Ala! Hilo ulipaswa kulisema kwanza. Shati jeupe likiwa na uwaridi, bluu haihusiki. Hapo mashine imemwaga majenta nyingi. Kila kazi ya ofseti pembeni ina mstari wa viboksi vya wino, mwendesha mashine anaupima. Kalenda yako imekatwa kwa hiyo mstari haupo, lakini mwombe mchapaji karatasi moja ambayo haijakatwa. Kama majenta imezidi, na yeye ana lake.

Asali_Pori (#28)
Au karatasi. Karatasi isiyong'aa inakunywa wino, nukta zinavimba, rangi zote zinaelemea. Na mliangalia chini ya taa gani? Nilishawahi kukataa mabango kwa ajili ya taa ya dukani, nikayatoa nje yakawa mazuri. Yule fundi nilimwomba radhi.

Mzee_wa_Ofseti (#29)
Hilo la taa ni la kweli. Viwandani tuna taa maalumu, nyuzi 5000 za Kelvin, ndiyo kipimo cha kimataifa cha kuangalia chapa. Skrini nyingi zinawekwa 6500, ambayo ni ya bluu zaidi. Huna taa hiyo, toka nje saa tatu asubuhi, simama kivulini, kalenda mkononi. Usiangalie ndani chini ya zile taa nyeupe za bei ndogo, zinadanganya rangi.

Binti_Ujiji (#30)
Nimetoka nje saa tatu kama ulivyosema. Zambarau imepungua lakini ipo. Mashati bado yana uwaridi.

Mtandao_Buhigwe (#31)
Mimi nina kesi ya upande wa pili, ya skrini. Ofisi moja ilinipa vipeperushi vilivyokwisha kuchapwa, wakataka viwekwe mtandaoni na kwenye makundi ya WhatsApp. Faili lilikuwa JPEG ya CMYK. Kwenye kompyuta yangu sawa, kwenye simu za watu kijani kikawa cha kuwaka kama taa, na simu moja ilionyesha rangi zimegeuka kama filamu hasi. Nilihangaika siku mbili. Dawa ilikuwa kugeuza kuwa sRGB na kuambatisha profaili. Sasa nina kanuni yangu: folda mbili tangu siku ya kwanza, moja ya wino na moja ya skrini, zote zinatoka kwenye faili mama la RGB. Sitoi ya skrini kutoka ya wino hata siku moja, maana rangi zilizokatwa wakati wa kwenda CMYK hazirudi.

Na WhatsApp tuma kama dokumenti. Ukituma kama picha inabanwa upya.

Dogo_Katubuka (#32)
Mimi natumia Canva ya bure, natoa PDF ya kuchapa. Si ndiyo CMYK hiyo?

Mtandao_Buhigwe (#33)
Ya bure inatoka RGB. Chaguo la CMYK liko kwenye akaunti ya kulipia. Kama huna hela ya programu, Scribus ni ya bure na inatoa PDF/X, na nyeusi ya maandishi unaiweka asilimia 100 mwenyewe. Inachosha kuijifunza, wiki mbili za kwanza utataka kuiacha.

Mwl_Kasulu (#34)
Naleta mrejesho. Nimefanya kama alivyosema Penguin. Mtihani wa kurasa nne, kaunta ya rangi haikusogea hata moja. Faili la zamani lilelile, ilisogea nne. Nimempigia fundi simu nikampa pole kwa maneno yangu ya zamani. Mbarikiwe.

Rangi_na_Wino (#35)
Safi mwalimu.

Binti, nimezungumza na mkuu wangu. Wiki hii tuna kazi yenye nafasi pembeni ya karatasi, viboksi vinne vya ziwa lako vinaingia bila gharama. Nitumie A: RGB yenye profaili, nibadilishe mimi. B: CMYK ya kubadilisha tu. C: ya mzee, samawati 100, majenta 65. D: majenta 50. Nitakutumia vipande kwa basi la kesho kutwa. Tuone macho yataamua nini.

Binti_Ujiji (#36)
Sina neno la kusema. Nimetuma sasa hivi.

Binti_Ujiji (#37)
Wakuu, vipande vimefika. Nimesimama navyo nje ya duka, kivulini, saa tatu na robo.

A ina zambarau kidogo lakini ni ndogo mno ukilinganisha na kalenda. B imezidi A, ila hata yenyewe haifikii kalenda. C ni ziwa la asubuhi, nimeiweka pembeni ya skrini nikatabasamu. D imeelekea samawati, kama maji ya karibu na mchanga.

Nimempelekea mwalimu mkuu. Yeye kachagua D, anasema C ni giza. Mvuvi mmoja alikuwa anapita nikamwonyesha, akaweka kidole kwenye A, akasema hii ndiyo yenyewe, ziwa likiwa na kina lina uzambarau wake.

Mzee_wa_Ofseti (#38)
C, kama nilivyosema. Lakini angalia B. Ni kubadilisha tu bila kugusa, na haifikii kalenda yako. Basi mchapaji wako alizidisha majenta, sina shaka tena.

Rangi_na_Wino (#39)
A haijaguswa na mkono wa mtu, na mvuvi kaichagua. Profaili, mzee.

Penguin_Uvinza (#40)
Vipande hivi havikupita kwenye tovuti ya kupunguza. Kalenda ilipita. Hilo bado hamjalipima.

Asali_Pori (#41)
Dada, karatasi ya vipande ni gramu ngapi, na inang'aa?

Binti_Ujiji (#42)
Vipande vimechapwa kwenye 150 ya kung'aa. Kalenda ilikuwa 130 isiyong'aa.

Asali_Pori (#43)
Ndicho nilichokuwa nasema #28.

Rangi_na_Wino (#44)
Ni kweli, nilitumia iliyokuwepo mashineni. Jumanne tuna kazi ya 130 isiyong'aa. Binti, nitumie tena vilevile vinne, ongeza cha tano kilichopita kwenye ile tovuti, na uweke shati moja jeupe pembeni.

Binti_Ujiji (#45)
Shati nalo naliweka. Mwalimu mkuu amekubali kusubiri hadi Jumanne ipite.